Mfuko wa Mgonjwa wa Kisukari katika Nchi ya Mara

Jioni moja, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama, nilimkuta mama yangu mkubwa ameketi juu ya kigoda, mbele yake kisahani cha bati kilichopinduliwa, mkononi wembe mpya, akikata vidonge vyeupe kimoja baada ya kimoja, kisha akiuokota kwa ncha ya kidole hata ule unga uliobaki sahanini na kuulamba. Nilipomwuliza ni tabibu gani aliyemwamuru kumeza nusu, alinijibu pasipo kuinua macho, “Hakuna aliyeniamuru, mwanangu. Nimevigawa ili vinifikishe mpaka pamba iuzwe.”

Hesabu ile, kwa mtu aliyezoea kugawa mtama wa ghalani hata mavuno mapya, ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu, wala sikuwa na haki ya kumcheka. Walakini maradhi ya kisukari hayagawiwi kama nafaka. Sukari iliyokosa kuzuiwa leo haingoji kesho. Huzunguka katika damu mchana na usiku, ikila mishipa midogo ya macho na ya figo, ikiua hisia za nyayo, hata mtu akakanyaga mwiba asijue ila baada ya siku tatu, anapoona usaha katika kiatu. Na ndivyo ilivyompata mama mkubwa. Jeraha lile la mguu lilimlaza wodini wiki kadhaa, na fedha iliyotoka kwa nauli ya ndugu, chakula cha anayemuuguza, nyuzi za kufungia na dawa za kuua vijidudu, ingalitosha kumnunulia vidonge vyake vizima kwa miaka. Tangu siku zile nimeamini kwamba dawa iliyo ghali kuliko zote ni ile iliyokatizwa, na kwamba mtu atakaye kupunguza gharama ya kisukari aanze kwa kuuliza ni nini kinachomkatizia dawa yake.

Aghalabu haiwi bei ya kidonge chenyewe. Metfomini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa walio wengi wa kisukari cha ukubwani, ni dawa ya zamani. Asili yake ni mmea mmoja wa Ulaya uliojulikana na waganga wa kienyeji wa kule, na tangu mwaka 1957 tabibu wa Kifaransa Jean Sterne alipotangaza matumizi yake kwa wagonjwa, muda umepita wa kutosha hata hakuna kiwanda kinachoweza kudai kuwa ni mali yake peke yake. Kwa hiyo hutengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja kikaipa jina lake la biashara, na hapo ndipo mnunuzi anapopunjika, maana akishikilia jina moja lililopambwa sandukuni hulipa mara kadhaa ya bei ya kidonge kingine chenye dawa ile ile, kipimo kile kile cha miligramu 500. Mgonjwa na amwombe tabibu aandike katika cheti jina la dawa yenyewe badala ya jina la kiwanda, naye afikapo famasi aulize bila haya, “Ndugu mfamasia, ipo nyingine ya namna hii iliyo nafuu, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba?” Swali hilo moja lina akiba kubwa ndani yake. Nafuu, hata hivyo, si kipimo pekee: glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, nayo ni rahisi, lakini kwa mzee anayeamka alfajiri kwenda shambani, akaimeza kisha asile kitu hata jua la utosi, huweza kuishusha sukari mpaka akaanguka na kupoteza fahamu, na mtu wa namna hiyo sharti amweleze tabibu saa zake za kula kabla ya kuandikiwa.

Sasa, ikiwa dawa ni rahisi, mbona watu wanakata vidonge kwa wembe? Sababu ni dirisha la dawa. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa nchini mwaka 1993, sera ya serikali imeyaweka maradhi sugu, kisukari kikiwa mojawapo, katika orodha ya yale ambayo mgonjwa hastahili kutozwa katika vituo vya umma, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza nao wana msamaha wao. Ni sera njema, nami naitukuza. Lakini msamaha hauna maana iwapo rafu ni tupu, kwa kuwa mgonjwa aliyesamehewa kulipa huambiwa maneno manne ambayo kila mtu wa Musoma na Bunda anayajua, “Dawa hakuna, kanunue nje,” na huko nje hakuna msamaha.

Dawa za vituo vya umma hutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na huja Mara kutoka bohari ya kanda iliyoko Mwanza, kwa maombi yanayotumwa na vituo vyenyewe. Bohari inapokosa, halmashauri zina ruhusa ya kununua kwa mfanyabiashara mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, kwa utaratibu ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchini baadaye. Utaratibu huo huitwa Jazia, na mfanyabiashara mwenyewe huitwa Mshitiri. Nalipenda neno hilo la kale, ambalo babu zetu walilitumia kwa mnunuzi yeyote sokoni, nalo sasa limepata kazi ya heshima. Ila hesabu ya kinachohitajika hutoka katika daftari la kituo: wagonjwa wasioandikishwa, au waliokata tamaa wakaacha kuja, hawahesabiwi, na dawa yao haiagizwi. Kwa hiyo kila mwezi mgonjwa anapohudhuria kliniki ya sukari na jina lake likaandikwa, hata siku ambayo dirisha lina kidonge kimoja tu cha kumpa, anasaidia kuijaza rafu ya mwezi ujao.

Kisha kuna nauli, gharama ambayo haiandikwi katika cheti chochote. Mtu wa kijiji cha ndani cha Butiama hupanda bodaboda hata barabara kuu, kisha gari mpaka Makutano, na kutoka hapo hushuka kuelekea Musoma, ambako hospitali ya rufaa ya Kwangwa, yenye jina la Mwalimu Nyerere, ilikaa miongo mingi ikiwa magofu yasiyokamilika kabla ya kufunguliwa. Na mwenzake wa upande wa Kisorya huondoka na giza kuifuata Bunda. Akipewa vidonge vya mwezi mmoja, safari hiyo ataifanya mara 12 kwa mwaka, na nauli itapita thamani ya dawa. Wenye virusi vya UKIMWI ambao hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na hawajadhurika kwa hilo. Sioni kwa nini mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imetulia asipewe angalau ya miezi 2 au 3, nami namsihi kila mgonjwa aliombe jambo hilo kwa adabu, na kila tabibu alifikirie kwa huruma.

Wapo wanaoona aibu kusema hawana fedha. Tabibu asiyeambiwa huandika aionayo kuwa bora, mgonjwa akaondoka na cheti asichoweza kukinunua, akakikunja katika kitabu cha sala. Heri aseme pale pale, “Daktari, hii siiwezi,” ili iandikwe aiwezayo, au apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye mwenye dhamana ya kupima hali yake na kumwandikia msamaha. Wazee nao wasisahau kukidai kitambulisho chao cha matibabu kwa halmashauri, na kulitumia dirisha la wazee.

Kuhusu bima nitasema kwa ufupi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwachukua mikoani watu 6 wa kaya moja kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote. Wengi huikumbuka bima wakiwa machelani. Afadhali ikatwe wiki ile pamba au dagaa wanapouzwa, fedha ikiwa bado mkononi.

Insulini ina taabu yake peke yake. Mwezi Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza, na miezi mitatu baadaye, hapa Butiama, akazaliwa Julius Nyerere. Nawaza mara nyingi kwamba dawa hii na yule mtoto wa Chifu Burito ni marika. Mwaka uliofuata wavumbuzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka isiwe ghali kwa yeyote. Leo zipo insulini mpya za bei ya juu, lakini Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 lilisema kwamba, kwa nchi zenye uwezo mdogo, ile insulini ya kawaida iitwayo ya binadamu yafaa kwa wagonjwa walio wengi. Kichupa chake cha mililita 10 kina yuniti 1,000: anayejidunga yuniti 40 kwa siku kitamtosha siku 25. Kikishafunguliwa hudumu wiki 4 hadi 6 kwa kadiri ya aina yake, mradi kisipigwe na joto, na mwenye kukiacha juu ya bati au dirishani amemwaga fedha.

Mama mkubwa, baada ya ule mguu, insulini ndiyo anayojidunga. Nyumbani kwake hakuna jokofu. Amechukua chungu kidogo akakitia ndani ya chungu kikubwa, kati yake akajaza mchanga wa ziwani, na kichupa, kilichofungwa katika mfuko wa nailoni, kimelala humo chini ya kitambaa kibichi. Upepo ukipita, maji yanayokauka ubavuni mwa chungu huondoka na joto. Nilipotia mkono ndani saa nane ya mchana, nje tukitoka jasho, nilisikia baridi kama ya alfajiri. Asubuhi na jioni huumwagilia mchanga kwa kata, polepole, akizunguka ukingo wote, na wembe ule sasa anakatia kucha za wajukuu.