Mbolea Nyingi Huunguza Mboga

Ndugu mkaaji, ukiona majani ya mchicha, au lengalenga kama wengi wetu tunavyouita, yamekauka pembeni kama yamepitiwa na moto, usikimbilie kuongeza samadi. Huenda ndiyo inayouua. Samadi mbichi ni kali, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Mimi mwenyewe niliunguza tuta zima hivyo. Na nyanya zikishiba mno hujaa majani, matunda haba.

Iondoe shinani, kisha mwagilia hadi maji yapenye chini. Maji uliyooshea mboga yanafaa. Ya sabuni, hapana. Usiongeze kitu mpaka majani mapya yatoke.

Samadi hiyo ilundike, ifunike, uwe ukiigeuza kwa miezi 3 au zaidi, mpaka iwe nyeusi na isinuke. Ndipo utie konzi moja kila shimo, ukichanganya na udongo.