Baiskeli Nyumbani (Sehemu ya Tatu): Habu ya Nyuma Inayolia

Habu ni kitovu cha gurudumu la baiskeli, yaani bomba fupi la chuma au aluminiamu ambalo kwa nje hushika spoki na kwa ndani huzunguka juu ya ekseli. Ya mbele huishi raha, na nyingi hukaa miaka bila kuguswa. Ya nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji, mzigo wote wa keria na nguvu yote ya miguu inayopita kwenye cheni. Si ajabu basi kwamba ndiyo hutangulia kulia.

Waliotengeneza baiskeli zile nzito nyeusi ambazo Wakenya huziita Black Mamba walilijua jambo hili. Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai zote zimefuata umbo la Raleigh ya Nottingham, na kwa desturi ya umbo hilo gurudumu la mbele lina spoki 32, la nyuma 40. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 juu ya keria ni zaidi ya kilo 40, kabla hata mwenyewe hajapanda.

Ndani ya habu ya kawaida hamna mengi. Kila upande kuna kikombe cha chuma kigumu kilichoshindiliwa ndani ya habu, koni inayojifunga kwenye thredi za ekseli, na gololi zinazobiringika kati ya hivyo viwili. Gololi za nyuma ni za robo inchi, 9 kila upande. Za mbele ni ndogo kidogo. Mpango huu ni wa zamani. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya kutumia gololi kwenye baiskeli, na Novemba mwaka huohuo James Moore akashinda mbio za Paris hadi Rouen kwa baiskeli iliyofungwa gololi hizo. Adui wa gololi hajabadilika tangu siku hizo, naye ni maji yaliyobeba mchanga. Magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kangemi hadi Uthiru na Kinoo, udongo ni mwekundu na mwepesi kushika. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huugeuza uji, uji ule hupenya kando ya koni, kisha jua likiwaka maji hukauka na kuacha unga wa kusagia chuma. Anayepeleka baiskeli kwa waosha magari wa kando ya barabara na kuipigisha maji ya presha kwenye habu anaharakisha kazi hiyo, na bado analipia.

Kabla ya kushika spana ni lazima kelele itambuliwe, kwa kuwa habu nyingi zinazofunguliwa hazikuwa na kosa. Anayeondoka mtaa wa Mountain View asubuhi kwa Waiyaki Way kuelekea Westlands ana mahali pazuri pa kupimia, maana barabara humpa miteremko. Aache kupiga pedeli na asikilize. Kelele ikikoma pale miguu inapotulia, ilikuwa ya cheni, pedeli au krengi, na habu haihusiki. Ikianza pale miguu inapotulia, ni friwili, ile gia yenye vijino vya ndani vinavyoruhusu gurudumu kuzunguka bila pedeli. Mlio wake mwembamba wa tiki-tiki ni wa kawaida; ukigeuka mkwaruzo, friwili imeingia uchafu au gololi zake zimekwisha. Kelele isiyojali miguu inafanya nini, ya kusaga kama mahindi kwenye jiwe, hiyo ni ya habu.

Hakikisho linapatikana nyumbani. Baiskeli hupinduliwa ikakalia kiti na mikono, gurudumu la nyuma likazungushwa, na kiganja kikawekwa kwenye fremu karibu na ekseli. Habu mbovu hutetemesha fremu hata pale sikio halisikii kitu. Kisha rimu hushikwa na kusukumwa kushoto na kulia. Ikicheza kwa mgongano mdogo wa tak-tak, koni zimelegea au zimelika. Mlio mmoja tu kwa kila mzunguko mara nyingi si habu hata kidogo, bali ni spoki iliyolegea au madigadi inayoguswa na tairi.

Kuchomoa gurudumu kwenye Black Mamba huchosha kuliko kutengeneza habu yenyewe. Kwenye ekseli ile moja kumekusanyika miguu ya keria, vyuma vya madigadi, stendi na washa za kila aina, na mpangilio wake husahaulika ndani ya dakika kumi. Simu ya mkononi inayopiga picha imewaokoa wengi. Nati za baiskeli nyingi ni za spana 15. Iliyoganda kwa kutu hupakwa mafuta ya kupenya au dizeli jioni na kuachwa hadi asubuhi, kisha hugongwa kidogo pembeni kwa nyundo kabla ya kuvutwa. Koleo halifai, kwani huila nati ikawa mviringo, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku. Nati ikizunguka pamoja na ekseli nzima, spana ya pili huwekwa kwenye nati ya upande wa pili ili kuizuia.

Sasa inakuja friwili, na hapa ndipo wengi hushindwa. Friwili imefungwa kwenye habu kwa thredi za kawaida, na kila pigo la pedeli huikaza. Baiskeli iliyopanda kutoka mjini hadi Kangemi kila jioni kwa miaka mitano imeikaza friwili yake kwa nguvu ya mapaja. Mkono peke yake hauwezi kuifungua, na hapana aibu katika hilo.

Kwanza hutazamwa kama kweli ni friwili. Baiskeli za mtumba zenye gia nyingi huja za aina mbili. Gia huzungushwa kinyumenyume na jicho likakazwa pale katikati penye mikato ya kuingizia ufunguo. Mikato ikitulia huku meno yakizunguka, ni friwili. Ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti, mfumo ambao Shimano iliuleta mwaka 1978, ambapo vijino vya kunasia ni sehemu ya habu yenyewe. Kaseti haisumbui. Kipande cha cheni kilichofungwa kwenye mpini hushika gia zisizunguke, ufunguo wake huzungushwa kushoto, na pete inayozibana hulegea.

Friwili inahitaji ufunguo wake hasa: wa mikato miwili, wa mikato minne au wa meno ya ndani, kulingana na aina. Ufunguo wa kukisia huvunja mikato, na mikato ikivunjika njia ya amani imekwisha. Ukishaingia, nati ya ekseli hurudishwa juu yake na kukazwa kwa vidole tu ili usiruke. Halafu hutafutwa jiliwa, ile ambayo mafundi wengi huiita vaisi. Katika nyumba za Mountain View chombo hicho ni adimu, lakini fundi wa kuchomelea mageti hakosi nacho. Ufunguo hubanwa kwenye jiliwa, gurudumu likiwa limelala juu yake upande wa friwili ukiangalia chini, tairi likiwa bado limejaa upepo. Mtu husimama akashika tairi kwa mikono miwili iliyotanuka, kama dereva wa lori alivyoshika usukani, akavuta upande uleule wa kufungulia kifuniko cha chupa. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha husikika kishindo kikavu, na gurudumu huteleza robo mzunguko. Kishindo hicho huwashtua wasiokizoea wakadhani wamevunja kitu. Hapohapo nati iliyoshika ufunguo hutolewa, kwa maana friwili inapopanda ikakutana na nati, kitakachokubali kushindwa ni ekseli.

Ni kwa sababu hii gurudumu halipaswi kukatwa spoki kabla friwili haijatoka. Rimu ndiyo mtaimbo wa kazi hii, na habu tupu mkononi haina pa kushikwa. Mafundi wachanga hulijua hilo baada ya kukata.

Friwili ikigoma hata kwenye jiliwa, kuna mambo mawili. La kwanza ni mafuta ya kupenya na subira ya siku mbili. Kuimiminia habu ya aluminiamu maji yaliyochemka hakufai: aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na habu iliyo ndani ya friwili huzidi kuibana. Habu ikiwa ya chuma, maji hayo pia hayana msaada mkubwa. Isiposikia kabisa, friwili huvunjwa. Kifuniko chake cha nje kina vishimo viwili, na thredi zake ni za kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kugongwa kwa tindo kuelekea kulia. Kikitoka, gololi ndogo za moja ya nane ya inchi humwagika kwa makumi na vijino vya ndani huanguka na springi zake. Kinachobaki ni kiini cha chuma kinachobanwa kwenye jiliwa moja kwa moja na kufunguliwa. Friwili hiyo haitumiki tena, ila habu na spoki zimepona.

Kufungua habu yenyewe ni kazi ya utulivu. Kitambaa cheupe hutandazwa, na sufuria isiyo na kazi huwekwa chini ya gurudumu. Hufunguliwa upande wa kushoto pekee: spana moja nyembamba hushika koni, nyingine huilegeza nati ya kufungia. Koni ya kulia huachwa ilivyo, maana ndiyo inayotunza nafasi ya ekseli katikati ya fremu. Ekseli huvutwa kutokea kulia, na gololi huanguka au hubaki zimenata kwenye grisi nyeusi. Zihesabiwe. Zikitoka 8 upande mmoja na 9 mwingine, moja iko sakafuni au iliachwa na fundi aliyetangulia, na jambo hili la pili hutokea kuliko inavyodhaniwa.

Kuosha zamani kulikuwa kwa mafuta ya taa. Tangu 2018, serikali ilipoyawekea tozo ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, wengi wameona heri watumie dizeli yenyewe. Petroli isiguswe karibu na jiko la makaa. Vipande vikikauka, ncha ya kalamu ya wino hupitishwa polepole kwenye njia ya gololi, kwanza juu ya koni kisha ndani ya kikombe. Jicho hudanganywa na mng'ao, lakini kalamu husema kweli: ikiteleza, chuma ni kizima, ikikwamakwama, kuna vishimo. Mara nyingi koni ndiyo huliwa kwanza, na hiyo ni bahati, kwani koni huuzwa peke yake kwa bei ya chini. Kikombe kilichotoboka huamua habu nzima ibadilishwe. Ekseli nayo hubiringishwa juu ya kioo cha meza. Ikipiga mawimbi, imepinda, na ekseli iliyopinda haiwezi kunyamazishwa na grisi yoyote.

Gololi hubadilishwa zote. Kuchanganya mpya na kuukuu ni uchumi wa uongo, kwa kuwa ile mpya, ikiwa nene kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, itabeba mzigo wa wenzake. Grisi ya magari inafaa kabisa. Mafuta ya kupikia na yale ya kujipaka, ambayo hupakwa sana kwa sababu yako karibu, huoshwa na mvua ya kwanza au huganda na kushika vumbi. Kikombe hujazwa grisi, gololi 9 zikapangwa, na hubaki nafasi ndogo isiyotosha kuingiza nyingine. Nafasi hiyo ni ya haki yake, na kuilazimishia gololi ya kumi ni kuzifanya zikwaruzane. Habu za mtindo wa kale zina tundu katikati lenye kifuniko cha springi. Humo hutiwa matone ya mafuta ya injini mara kwa mara.

Habu nyingine za kisasa hazina koni wala gololi huru, bali beringi zilizofungwa zenye namba ubavuni, kama 6000 au 6001. Namba hizo ni za dunia nzima, na duka la vipuri vya pikipiki likiwa nazo hazina tofauti. Beringi ya zamani hugongwa kutoka ndani kwenda nje, mpya huingizwa kwa kugonga pete ya nje tu.

Kurekebisha koni ndiko kunakomtofautisha fundi na mfungaji wa nati. Koni hukazwa kwa vidole hadi iguse gololi, ikarudishwa nyuma kidogo, ikashikwa kwa spana huku nati ya kufungia ikibanwa juu yake. Kubana huko huisukuma koni ndani kwa unywele, kwa hiyo pasipoachwa unywele huo mwanzoni habu itakuwa nzito. Ikikosewa hurudiwa, mara tatu au nne si nyingi. Gurudumu likishaning'inizwa kwenye fremu, huzungushwa taratibu na kuachwa. Likiwa sawa halisimami ghafla. Hupunguza mwendo, husita, kisha hurudi nyuma na kuyumba kama pembea hadi upande mzito wa rimu, mara nyingi pale penye vali, utulie chini kabisa.

Friwili hurudishwa ikiwa na grisi kwenye thredi, nayo huanzishwa kwa vidole tu, kwa maana thredi za aluminiamu zikivukwa haziponi. Kuikaza si lazima. Mlima wa kwanza utaikaza. Cheni ya gia moja huachwa ikicheza karibu sentimita moja juu na chini, na nati za ekseli hukazwa kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, huku gurudumu likitazamwa lisiinamie upande. Baada ya siku chache za kwenda na kurudi mjini, rimu hutikiswa tena. Gololi mpya zikishakaa mahali pake koni hulegea kidogo, na kuzirekebisha mara hiyo ya pili kunachukua dakika tano bila friwili kuguswa.