Presi, pula au nyundo? Mahesabu ya boljointi kwa wenye pikapu wa Bagamoyo

WENYE pikapu za biashara katika Bagamoyo na ukanda wote wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam huandika katika daftari gharama za mafuta, matairi na mshahara wa dereva. Gharama ya boljointi za mbele mara nyingi haiandikwi mpaka siku gari linapolala gereji. Siku hiyo bei ya spea yenyewe huwa si tatizo kubwa. Hasara hutokana na kifaa anachotumia fundi kuitoa ile ya zamani na kuipachika mpya.

Kwa mwenye gereji anayetaka kununua vifaa, na kwa mwenye gari anayetaka kujua analipia nini, kanuni ni moja: tazama kwanza boljointi imefungwaje, kisha ndipo uende dukani. Anayeanzia dukani hununua kifaa kisichohitajika, au huokoa fedha kidogo leo na kesho akalipia mkono mzima wa sapenshi.

Pikapu za ukanda huu zina kazi ngumu. Zinabeba samaki na barafu kwenda Dar es Salaam, chumvi kutoka katika mashamba ya chumvi, mananasi ya Kiwangwa, mchanga na matofali. Ni kweli kwamba lami imefika mbali. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata yenye kilomita 64 nayo ni ya lami. Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia shambani na ufukweni, kwenye makorongo na mchanga, na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye matenga huishia chini ya gari. Chumvi hiyo hushika nati na bolti kwa kutu, hata kazi ya saa mbili ikawa ya siku nzima.

Boljointi ni kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe cha chuma. Ndicho kinachounganisha mkono wa sapenshi na nako, yaani kile chuma kinachobeba gurudumu. Kikichomoka, gurudumu hujikunja na usukani hauna kazi tena. Mwaka 2005 kampuni ya Toyota iliyaita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa kuwa boljointi za chini za baadhi yake zingeweza kuchakaa mapema na kuachia kutokana na mikwaruzo ya wakati wa kutengenezwa. Ikiwa mkwaruzo mdogo wa kiwandani uliweza kuleta gharama ya namna hiyo, nyundo inayopigwa ovyo gereji nayo si jambo la kupuuzwa.

AINA TATU ZA MAGARI

Kwanza, yapo magari yasiyo na boljointi hizo kabisa. Land Cruiser pikapu za safu ya 70, pamoja na Hilux za zamani za 4WD zenye springi za majani mbele, zina ekseli nzima, na nako zake huzungukia kwenye bearing. Mwenye gari la namna hii hahitaji presi ya boljointi. Atahitaji pula ya kutolea viungo vya usukani tu.

Pili, yapo magari ambayo boljointi zake zimefungwa kwa bolti, kama zile Hilux za zamani zisizo na 4WD. Hapa pia presi haina kazi. Soketi nzuri za milimita, hasa za 17, 19, 22 na 24, mpini mrefu, mafuta ya kulegeza kutu na pula moja vinatosha. Kutu ikizidi, nati hukatwa. Bolti mpya ziwe zile zilizokuja na spea au za nguvu ileile, si bolti yoyote iliyookotwa kwenye kopo.

Tatu, yapo magari ambayo boljointi imeshindiliwa ndani ya tundu la mkono na kuzuiwa na klipu ya duara. Hapa ndipo presi inapohitajika, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea.

KUTENGANISHA

Kabla ya kutoa boljointi ya aina yoyote, ni lazima mguu wake uliochongoka utoke kwenye tundu la nako. Vifaa vya kazi hiyo ni vitatu.

Uma ni bei rahisi na una nguvu. Hupigwa kwa nyundo kati ya viungo viwili mpaka viachane. Ubaya wake ni kwamba huchana mpira unaokinga grisi. Kama boljointi inatupwa, mpira ukichanika si neno. Lakini kama fundi anafungua ili abadili bearing ya gurudumu tu, uma ni adui. Mpira uliochanika huingiza mchanga na chumvi, na boljointi iliyokuwa nzima haitachukua muda kufa. Mwenye gari atarudi gereji akidhani ameuziwa spea mbovu.

Pula ya skrubu hubana mguu wa boljointi mpaka uachie, bila kugusa mpira ikiwekwa vizuri. Bei yake ni kubwa kuliko ya uma, lakini hufanya kazi zote mbili. Mnunuzi aangalie upana wa mdomo wake: pula ya gari dogo haiingii vizuri kwenye boljointi ya pikapu, na ikilazimishwa hupinda au kuvunjika.

Nyundo haigharimu kitu, na mafundi wazoefu huitumia vizuri. Hupiga ubavu wa sikio la nako, huku nyundo ya pili ikiwa imeegemezwa upande wa pili, mpaka mtikisiko uachishe mguu. Kosa ni kupiga ncha ya mguu wenyewe, kwani nyuzi huharibika.

Kifaa chochote kitumike, nati isitolewe yote. Ilegezwe na kubaki kwenye nyuzi chache, na mkono wa chini uegemezwe kwa jeki. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu.

PRESI

Presi ya mkono ina umbo kama herufi C, skrubu nene na vikombe vya ukubwa mbalimbali. Kikombe kimoja hupokea boljointi inayotoka, kingine hukaa kwenye ukingo wa chuma chake wakati inaposukumwa. Boljointi mpya isukumwe kwa ukingo wake wa nje, kamwe si kwa kifuniko wala kwa mpira.

Fundi asiye na presi hutumia nyundo na kipande cha bomba. Boljointi itaingia, lakini tundu la mkono hupanuka kidogo kila mara. Baada ya kurudia kazi hiyo, boljointi mpya inacheza ndani ya tundu, na wapo wanaotibu ugonjwa huo kwa kuchomelea. Moto wa kuchomelea huunguza grisi na plastiki iliyomo ndani na kuharibu ugumu wa chuma. Hiyo si tiba, ni kuahirisha ajali.

MAHESABU YAKE

Tuchukue mfano kwa namba za kubuni, kila mtu aweke bei za soko lake. Presi tuseme imenunuliwa kwa shilingi 180,000, na gereji inaongeza shilingi 15,000 kwa kila boljointi inayotolewa kwa presi. Boljointi 12 zinarudisha mtaji. Pikapu moja yenye boljointi mbili za chini za kushindilia huleta shilingi 30,000, kwa hiyo pikapu 6 zinatosha. Gereji inayopata gari la aina hiyo mara moja kwa mwezi itarudisha fedha yake katika nusu mwaka. Inayopata gari moja kwa mwaka isinunue, ikodishe.

Hapa pana nafasi ya ushirikiano. Gereji kadhaa za jirani, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, zinaweza kuchangia presi moja na kukubaliana ada ya matumizi. Pula na stendi ni tofauti. Hivyo kila gereji iwe navyo, kwa sababu hutumika kila wiki.

Kwa upande wa mwenye gari, kulipeleka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, ni mafuta pamoja na siku ya mzigo iliyopotea. Nyongeza ya presi kwa fundi wa jirani mara nyingi ni nafuu kuliko safari hiyo.

SOKONI

Vifaa vya aina zote hupatikana Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, vipya na vilivyotumika. Presi iliyotumika si mbaya. Mnunuzi aizungushe skrubu mwanzo hadi mwisho. Ikikwama au nyuzi zikiwa zimelika, aiache. Atazame kama umbo la C limefunguka mdomo, na kama vikombe vyote vipo, kwani presi isiyo na kikombe cha saizi yako ni chuma chakavu. Adai risiti ya EFD, ambayo humsaidia katika hesabu za kodi na humpa ushahidi bidhaa ikiwa bandia. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Visisahauliwe vifaa viwili visivyo na sifa: stendi imara za kuegemeza gari, badala ya mawe na matofali, na spana ya kupimia mkazo. Nati ya boljointi isiyokazwa sawasawa hulegea. Iliyokazwa kupita kiasi hukata nyuzi. Tundu la pini lisipolingana na nati, nati ikazwe kidogo zaidi, isilegezwe, na pini iwe mpya.

Kazi ikiisha, alaimenti ya magurudumu ipimwe, la sivyo faida yote italiwa na matairi. Gari linaloshinda kwenye chumvi lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, na boljointi zenye nipo zipigwe grisi mara kwa mara.

Mwenye gari ana swali moja la kumwuliza fundi kabla gurudumu halijafunguliwa: utaitoa kwa kifaa gani? Fundi mwenye pula na presi ataonyesha. Anayeonyesha nyundo na bomba peke yake, bei yake ya chini ihesabiwe pamoja na bei ya mkono mpya wa sapenshi.