Amehifadhi juzuu kumi, kwa nini historia inamkimbia?

Ilikuwa usiku wa Alkhamisi, baada ya swala ya Isha. Nilikuwa nafunga kabati la madaftari ya msikiti nilipomwona mama mmoja wa mtaani kwetu akinisubiri barazani, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake alisimama binti yake wa kidato cha nne, macho chini. Karatasi ile ilikuwa matokeo ya mtihani wa majaribio. Kiswahili alama nzuri, Elimu ya Dini ya Kiislamu nzuri zaidi, Jiografia wastani. Historia F.

“Ustadhi,” alisema mama yule, “mtoto huyu amehifadhi juzuu kumi. Mimi mwenyewe humsikia alfajiri akisoma na msahafu umefungwa. Kichwa anacho. Sasa hii historia inamkimbia kwa nini?”

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba baba mtu amekwisha kata shauri: Novemba ikiwa hivi hivi, hapana masomo tena, binti atakwenda kushona nguo kwa shangazi yake.

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba swali lile lilinipata mimi kabla ya kumpata mtoto. Tangu mwanzo wa mwaka kamati ya msikiti ilikuwa imenikabidhi usimamizi wa wanafunzi wa sekondari wanaojisomea usiku katika ukumbi wa madrasa. Nami, kwa kuwa nimelelewa katika hifdhi na nikamaliza chuo cha Kiislamu, niliona jambo jepesi. Niliwakusanyia maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, nikawaambia: hifadhini. Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki kila usiku, nami nikapita baina ya mistari nimeridhika.

Usiku ule nilimketisha binti nikamtaka anieleze Vita vya Maji Maji. Alifumba macho, akanisomea kwa Kiingereza sababu sita, moja baada ya nyingine, bila ya kukwama hata mara moja. Mama yake akatabasamu. Nikamuuliza kwa Kiswahili: “Watu wa kusini walichukia nini hasa?” Kimya. “Nani aliwapa yale maji?” Akafikiri, akajibu: “Mkwawa.”

Mtemi Mkwawa wa Uhehe alifariki tarehe 19 Julai 1898, akijipiga risasi mwenyewe asije akashikwa na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi. Mwenye kuwapa watu maji alikuwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, naye Wajerumani walimnyonga Agosti ya mwaka ule ule, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea. Vikaendelea bila yake hadi 1907. Binti yule alikuwa amezihifadhi sababu sita za vita asivyojua ni vya nani.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Hifdhi ya Qur'an ina mambo mawili ndani yake, na mimi nilikuwa nimewapa watoto lile lisilowafaa katika historia na kuwanyima lile lenye kufaa.

La kwanza ni kushika lafudhi yenyewe, herufi kwa herufi, pasipo kupunguza wala kuongeza. Hiyo ni haki ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Historia haina haki hiyo. Hata katika hadithi za Mtume (s.a.w.) wanazuoni walijadili riwaya kwa maana, na wengi wao wakairuhusu kwa mwenye kuelewa anachokisimulia, kwa masharti yake. Basi itakuwaje tuwalazimishe watoto wahifadhi lafudhi ya mwandishi wa kitabu cha mazoezi? Mtihani ukigeuza swali kidogo, badala ya sababu za vita ukauliza kwa nini vita vilishindwa, mtoto aliyeshika lafudhi huandika jibu lile lile la sababu. Ndivyo walivyofanya wengi wa wanafunzi wangu.

La pili ni muraja. Mwanafunzi wa madrasa hasomi tu, bali husikilizwa. Msahafu uko mkononi mwa maalimu, na mwanafunzi hutoa kilichomo kifuani. Akikwama huachwa kidogo atafute, kisha ndipo hukumbushwa. Kesho hurejea, na baada ya wiki hurejea tena. Jibril (a.s.) alikuwa akidurusu Qur'an na Mtume (s.a.w.) kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho walidurusu mara mbili. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kwamba kilichohifadhiwa huponyoka upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Haya sisi tunayajua. Ila mtoto akishika daftari la Historia tunamwacha alisome na kulisoma tena, macho juu ya karatasi, na tunaita huko kudurusu.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zilivyomtoka kichwani, akachapisha matokeo mwaka 1885. (Ni mwaka ule ule Mkutano wa Berlin ulipomalizika; wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawalisahau tena jina lake.) Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Na mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza jaribio lao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu likatakiwa liiandike bila ya kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nyingi waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na waliojitoa kichwani walikumbuka asilimia 61.

Hizo dakika tano zina hatari yake. Mtoto anayesoma daftari mara nne usiku hulifunga akiwa na yakini kwamba anajua, na mzazi aliyemwona ameinama juu ya kitabu saa mbili naye ana yakini hiyo hiyo. Mtihani hauji baada ya dakika tano.

Tulibadilisha mwendo katika ukumbi wetu. Kila usiku huanza kwa daftari kufungwa. Mwanafunzi huchukua karatasi tupu na kuandika kwa dakika kumi kila anachokikumbuka juu ya mada ya jana, halafu ya wiki iliyopita, na mara moja kwa mwezi ya mwezi uliopita. Ndipo hufungua daftari na kujaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Wiki za mwanzo karatasi zilikuwa karibu zote ni rangi ya pili, na vijana wawili walikasirika wakaacha kuja kwa siku kadhaa. Sikuwalaumu. Kujisomea ni raha, kujiuliza kunaumiza.

Jambo la miaka lilitushughulisha zaidi, kwa kuwa historia iliyovunjika vipande haishikiki. Waarabu wa kale hawakuwa na hesabu ya miaka yenye tarakimu, walihesabu kwa matukio, ndiyo maana tunasema Mtume (s.a.w.) alizaliwa Mwaka wa Ndovu. Hesabu ya hijra iliwekwa baadaye, katika ukhalifa wa Umar (r.a.). Tukio moja kubwa likisimama imara, mengine hushikamana nalo.

Sakafu ya ukumbi wetu ina vigae. Tukahesabu ishirini na vinne katika mstari mmoja, tukaandika kwa chaki 1884 katika cha kwanza na 1907 katika cha mwisho: kigae kimoja, mwaka mmoja. Kila mwanafunzi akapewa tukio lake na kutakiwa asimame mahali pake bila ya kitabu. Wa Mkutano wa Berlin akasimama akiwa na mguu mmoja 1884 na mwingine 1885, kwa sababu ulianza Novemba na kumalizika Februari. Wa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya kugawana pwani na bara akasimama 1886. Wa Abushiri akakanyaga 1888, upinzani wa pwani ulipolipuka baada ya kampuni ya Wajerumani kukabidhiwa utawala wa mwambao, na 1889, aliponyongwa Pangani mwezi wa Desemba. Mara akagongana bega na mwenye mkataba wa 1890. Hakuna aliyekuwa amewahi kufikiri kwamba kati ya kunyongwa Abushiri na mkataba uliokabidhi Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza palikuwa na takriban miezi sita na nusu tu.

Binti yetu nilimpa Mkwawa. Akasimama 1891, mwaka Wahehe walipokipiga kikosi cha Zelewski huko Lugalo, akasogea 1894, ngome ya Kalenga ilipoanguka, akamalizia 1898. Mwenzake wa Maji Maji alikuwa mbali, 1905. Baina yao palikuwa na vigae sita vitupu. Akavitazama kwa muda, akasema polepole: “Kumbe Mkwawa alikwisha kufa.”

Nikawauliza hivyo vigae sita vina nini. Hapo ndipo zile sababu sita zilipopata uhai. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuanza kutozwa. Mwaka 1902 yakaja mashamba ya pamba ya lazima, watu wakitolewa katika makonde yao kwenda kulima kwa malipo duni yasiyostahili jasho lao, na maakida wakisimamia kwa kiboko. Sababu za vita ni miaka iliyopita juu ya migongo ya watu, na mtoto akiiona miaka hiyo chini ya miguu yake hahitaji kuhifadhi orodha.

Njia hiyo hiyo huifaa mikataba ya biashara ya watumwa, inayowachanganya wengi. 1822, 1845 na 1873 ni tarakimu tatu kavu mpaka uzione kama mlango mmoja unaofungwa kwa awamu. Mkataba wa Moresby ulimkataza Sayyid Said kuwauzia watumwa Wakristo. Wa Hamerton ukafunga njia ya kuwapeleka Arabuni. Wa 1873, aliotia saini Sayyid Barghash kwa kushinikizwa, ukafunga usafirishaji wote wa baharini na soko la Zanzibar lenyewe. Aliyeukumbuka mlango hakosei mpangilio, na akisahau mwaka mmoja atajua umekaa baina ya ipi.

Imebaki lugha, na hapa nasema bila ya kificho: watoto wetu wengi hawashindwi na historia, wanashindwa na Kiingereza kinachoibeba. Kwetu sasa kila mada husimuliwa kwanza kwa Kiswahili mpaka msikilizaji aridhike. Kisha mwanafunzi huchagua istilahi saba au nane za Kiingereza ambazo mada hiyo haiwezi kuandikwa bila yake, huzitungia sentensi zake mwenyewe, na hatimaye huandika aya mbili kwa Kiingereza daftari likiwa limefungwa. Kiingereza chake huwa kibovu kuliko cha jibu la kuhifadhi, lakini ni chake, na kinageuka pale swali linapogeuka.

Wazazi huniuliza watasaidiaje ilhali wao hawakupita sekondari. Mama yule wa barazani aliniuliza hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba kazi yenyewe haitaki elimu ya historia. Mtoto asimulie, mzazi awe anapeta mchele au anakunja nguo, na aulize maswali mawili tu: “Kwa nini?” na “Kisha ikawaje?” Asipoelewa aseme hajaelewa, asimwonee mtoto haya. Dakika kumi na tano baada ya Magharibi zinatosha, na simu ya mtoto iwe chumba kingine.

Binti bado anakuja ukumbini. Katika mtihani wa mwezi uliopita alipata D, alama chache chini ya C, na baba yake hajasema neno, jambo ambalo mama mtu analihesabu kuwa kheri. Juma lililopita nilipita nyumbani kwao kupeleka tangazo la kamati, nikawakuta ukumbini, mama anachambua mchicha, binti anasimulia Abushiri na mwenzake Bwana Heri wa Saadani. Alipofika Pangani na kitanzi, akanyamaza kama aliyemaliza.

“Na huyo Bwana Heri?” akauliza mama, mikono ingali katika mchicha. “Kisha ikawaje?”

Binti akafungua mdomo, akaufunga. Akaliendea daftari, akalipekua mbele na nyuma, hakuona kitu. Akachukua kalamu akaandika swali lile pembeni mwa ukurasa, amuulize mwalimu wake Jumatatu.