Kabla ya Kubadilisha Programu ya Ruta Yako

Baadhi ya mafundi na wauzaji huahidi kubadilisha programu ya ruta ili ipokee laini ya mtandao wowote wa simu, au ipate uwezo mpya. Kazi hiyo huweza kufanikiwa. Ikikosewa, hata hivyo, ruta huweza kuharibika kabisa. Tunaeleza hapa sababu yake.

Programu ya ruta hukaa katika chipu ya kumbukumbu ya flashi, ambayo imegawanywa katika sehemu kadhaa. Mojawapo hubeba programu ya kuwashia, nyingine mfumo wenyewe, na nyingine mipangilio yako, yakiwamo maneno ya siri. Ruta nyingi zina pia sehemu ndogo yenye vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa ajili ya kifaa hicho kimoja tu.

Diski ya kompyuta hubeba jedwali linaloonyesha kila sehemu inapoanzia na inapoishia. Flashi ya ruta mara nyingi haina jedwali hilo. Mfumo huitambua mipaka kwa maelezo yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, au kwa taarifa za programu ya kuwashia, au kwa kutafuta alama maalumu. Kwa hiyo, programu iliyotengenezwa kwa ruta nyingine huja na ramani isiyo ya kifaa chako, na huweza kufuta isichopaswa kukigusa.

Programu ya kuwashia ikifutwa, ruta haiwaki, na kitufe cha kurejesha mipangilio hakitasaidia. Vipimo vya redio vikipotea, Wi-Fi hudhoofika au hutoweka, na kama hapakuwa na nakala, hakuna faili la kupakua litakalovirudisha.

Jina la modeli pekee halitoshi. TP-Link TL-WR841N toleo la 9 ina flashi ya megabaiti 4. Toleo la 13, lenye jina hilohilo, ina megabaiti 8 na prosesa ya kampuni nyingine.

Kwa hiyo tunakushauri:

1. Soma lebo iliyo chini ya ruta. Modeli na toleo la kifaa vilingane na vya faili la programu.

2. Mtake fundi asome kwanza orodha ya sehemu. Katika ruta nyingi zinazotumia Linux, orodha hiyo huonekana katika faili /proc/mtd.

3. Mtake anakili sehemu zote kabla ya kuandika chochote, hasa ya vipimo vya redio, kisha akukabidhi nakala hiyo.

4. Umeme usikatwe wakati programu inaandikwa.

5. Soma masharti ya dhamana. Ikiwa ruta ni mali ya mtoa huduma, pata kwanza ridhaa yake.

Fundi asiyeweza kukuonyesha orodha ya sehemu wala nakala, usimkabidhi ruta yako.