Je, Wajua? Bata Mzinga wa Porini Hulala Juu ya Mti

Bata mzinga wa kufugwa huruka kwa shida. Wa porini, kule Marekani, hupaa kwa kasi ya hadi kilomita 88 kwa saa, na jua likizama hulala mtini. Familia iliyopiga hema jirani huamshwa alfajiri na mlio wa dume, unaosikika zaidi ya kilomita moja.

Ajabu kubwa ni kichwa cha dume. Akisisimka hubadilika rangi: nyekundu, nyeupe, buluu. Ndiyo maana mwindaji mgeni wa ndege huyu huonywa asivae rangi hizo, hata kwenye soksi. Mwindaji mwingine aliyejificha vichakani anaweza kumdhania ndege.

Tena mwindaji hushauriwa aketi akiegemea mti mpana kuliko mabega yake, umkinge na risasi ya nyuma. Mnakwenda kuwinda na watoto? Kagueni nguo zao kwanza.