Krediti, Msamaha na Mtihani wa Ngazi: Istilahi Tatu za Vyuo vya Marekani

Miezi michache iliyopita ililetwa mezani kwangu barua ya chuo kimoja cha Marekani, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Barua hiyo ilimhusu kijana wa Kitanzania anayesomeshwa huko na mfadhili wa hapa nchini, nayo ilikuwa na habari tatu tu. Katika tafsiri habari hizo zilisomeka hivi: kwamba kijana amefaulu mtihani wa mchujo wa hisabati; kwamba amepewa mkopo wa saa sita kutokana na mitihani mingine aliyoifanya; na kwamba amesamehewa lugha ya kigeni. Karani wa mfadhili alipoisoma akauliza swali ambalo mtu yeyote mwangalifu angeliuliza: ikiwa kijana amekwisha kupata mkopo, sisi twaendelea kumlipia nini? Karo ya muhula ikasimamishwa mpaka jambo hilo lifafanuliwe.

Katika kisa hiki hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Mfasiri alifungua kamusi, akaona maana ya kwanza iliyotolewa, akaiandika. Madhumuni ya makala haya ni kueleza mambo hayo matatu yalivyo huko yanakofanyika, kisha kupendekeza majina yake, kwani ni vigumu kulipa jina jambo usilolijua.

Tuanze na lililo jepesi. Wanafunzi wanaoingia vyuo vikuu vya Marekani hutoka katika shule zilizotofautiana sana, na kwa hiyo vyuo vingi huwapima wageni wao, hasa katika hisabati, uandishi na lugha, ili kujua kila mmoja aanzie kozi ipi. Anayepata alama ndogo huanzia aljebra; anayepata kubwa hupelekwa moja kwa moja kwenye kalkulasi. Hakuna anayefeli. Neno “mchujo” basi halifai hata kidogo. Tukichuja tui, kinachobaki katika kichujio ni machicha, nayo tunayatupa au tunawapa kuku; katika mtihani huu hamna machicha. “Mtihani wa kujiunga” nao haufai, maana aufanyaye amekwisha kukubaliwa chuoni. Wako waliopendekeza “mtihani wa upangaji”, na sina ugomvi mkubwa nao, ila mpangaji kwetu ni mtu anayelipa kodi ya nyumba. Mimi napendekeza “mtihani wa ngazi”, kwa kuwa jambo lenyewe ni kumwonyesha mwanafunzi aanze kupanda kutoka ngazi ipi.

Mfano mmoja watuhusu sisi wenyewe. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani hufundisha Kiswahili, na miongoni mwa wanaokuja kujiandikisha wamo vijana waliozaliwa huko kwa wazazi kutoka Afrika Mashariki. Kijana wa namna hii huzungumza vizuri mezani kwa mama yake, lakini pengine hajapata kuandika insha ya Kiswahili. Hupimwa, akaonekana anastahili kuanzia mwaka wa pili. Sasa, je, ule mwaka wa kwanza alioruka unahesabiwa kuwa ameusoma? Chuo kimoja kitasema ndiyo. Cha pili kitasema umemwokolea muda, basi. Hapo ndipo tunapoona kwamba kupangiwa ngazi ni jambo moja na kuhesabiwa masomo ni jambo jingine.

Tufike kwenye neno lililomponza mfasiri wetu. Vyuo vya Marekani havihesabu shahada kwa miaka, bali kwa vipimo vya kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vilipoanza kuwaachia wanafunzi uhuru wa kuchagua masomo, jambo ambalo Charles Eliot alilipigania sana alipokuwa Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, ilibidi kitafutwe kipimo cha kulinganishia kozi zisizofanana. Kisha Andrew Carnegie alipotoa dola milioni 10 mwaka 1905 kwa ajili ya pensheni za walimu wa vyuo, wasimamizi wa fedha hizo walivitaka vyuo vinavyotaka kufaidika vifuate viwango vilivyopimwa kwa muda, na mtindo wa kuhesabu masomo kwa saa ukapata nguvu. Leo kipimo kimoja kwa kawaida ni saa moja ya darasa kwa juma na takriban saa mbili za kujisomea, kwa muda wa majuma kama 15. Kozi ya kawaida ina vipimo vitatu. Shahada ya kwanza huhitaji 120 hivi.

Ada kubwa hutozwa kwa vipimo hivyo, na kwa sababu hiyo mtu anayeweza kuvipata bila ya kukaa darasani huokoa fedha nyingi. Njia mbili zinajulikana zaidi, na zote mbili zinasimamiwa na taasisi iitwayo College Board. Ya kwanza ni Advanced Placement, iliyoanza katika mwaka wa masomo wa 1955–56: wanafunzi wangali katika shule za sekondari husoma masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, na mwezi wa Mei hufanya mitihani inayosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Ya pili ni CLEP, iliyoanza mwaka 1967, ambayo humwezesha mtu wa umri wowote aliyejifunza kwa njia yoyote, kazini, jeshini au nyumbani, kufanya mtihani na kuonyesha kwamba ana elimu sawa na ya aliyeihudhuria kozi. Alama zake huanzia 20 hadi 80, na inayopendekezwa kwa kawaida ni 50. Huu wa pili naona tuuite “mtihani wa usawa wa chuo”. Jina la ule wa kwanza tuliache lilivyo na tulieleze. Anayejaribu kulifasiri neno kwa neno hupata “uwekaji wa juu”, na msomaji akabaki akitafuta ni kitu gani kilichowekwa juu ya kabati. Tena tusiuite “mtihani wa advansi”, kwa kuwa huku Tanzania advansi ni Kidato cha Tano na cha Sita.

Jambo ambalo wafasiri wengi hawalitambui ni kwamba mitihani hiyo yenyewe haitoi chochote ila alama. Anayeamua alama hizo zina thamani gani ni chuo, au mahali pengine serikali ya jimbo. Katika Illinois, sheria inavitaka vyuo vya umma, tangu mwaka wa masomo wa 2016–17, kuhesabu masomo ya mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi katika Advanced Placement. Chuo cha Dartmouth kiliamua kinyume: kuanzia wanafunzi walioingia mwaka 2014, alama za mitihani hiyo hazihesabiwi tena katika masomo ya kupatia shahada, lakini zaweza bado kumpandisha mwanafunzi ngazi au kumpatia msamaha. Mtu asiyekuwa na istilahi tatu tofauti hawezi kuifasiri kanuni hiyo ya Dartmouth. Itamtoka kama sentensi inayojipinga yenyewe.

Ama kuhusu msamaha, wako wanaolalamika kwamba neno hili lanukia kosa. Mimi silioni hivyo. Watumishi wa serikali wamekwisha kuzoea msamaha wa kodi, na hakuna anayedhani kwamba mfanyabiashara aliyesamehewa kodi alikuwa ameiba. Kusamehewa kozi ni kuondolewa sharti la kuisoma. Lakini pengo linabaki: aliyesamehewa kozi ya vipimo vitatu lazima atafute vitatu vingine mahali pengine ili atimize 120.

Basi kipimo hicho tukiiteje? “Mkopo” tumeona matokeo yake. Na “mkopo wa saa sita” hasa humfanya Mswahili adhani fedha zilikopwa adhuhuri. “Sifa” ni pana mno, na “alama” ni ya mtihani. Lipo neno “kizio”, ambalo wataalamu wa sayansi hulitumia kwa kila kipimo na ambalo asili yake ni nusu ya nazi iliyopasuliwa. Ni neno zuri, na lingekuja mapema lingelikuwa chaguo langu. Lakini vyuoni mwetu watu wamekwisha kusema “krediti”, na neno lililokwisha kukaa katika vinywa vya wenyewe halifukuzwi kwa waraka.

Hata hivyo krediti ina mitego miwili. Kwanza, mzazi wa Kitanzania akisikia kwamba mtoto ana krediti tano hufahamu kwamba amepata daraja C au zaidi katika masomo matano ya Kidato cha Nne. Pili, na huu ndio mbaya zaidi, katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Kwa hiyo “krediti 120” Marekani ni shahada nzima, na hapa kwetu ni mwaka mmoja! Krediti moja ya huko, kwa hesabu ya saa tatu kwa majuma 15, ni kama saa 45. Ofisa anayelinganisha vyeti viwili kwa kutazama tarakimu peke yake atamwonea mmojawapo. Kwa sababu hiyo napendekeza krediti isiandikwe uchi katika tafsiri yoyote ya hati rasmi. Iandikwe “krediti za muhula, mfumo wa Marekani”, na pembeni yake itajwe jumla inayohitajiwa.

Kitenzi nacho kina kazi. “Kupewa krediti” kwafanana mno na kupewa zawadi. “Kuhesabiwa krediti” kwaonyesha kwamba kuna daftari, na kwamba kitu kimeingizwa humo.

Ile barua tuliifasiri upya hivi: “Mwanafunzi amefanya mtihani wa ngazi wa hisabati na ataanzia kozi ya kalkulasi. Amehesabiwa krediti 6 za muhula kutokana na mitihani miwili ya usawa wa chuo. Amesamehewa sharti la lugha ya kigeni kwa kuwa lugha yake ya kwanza ni Kiswahili.” Chini, kama maelezo ya mfasiri, tuliongeza kwamba krediti 6 ni katika 120 za shahada, na kwamba msamaha wa lugha haukuongeza hata moja. Mwenzangu mmoja alipinga maelezo hayo, akisema mfasiri hana ruhusa ya kuongeza neno. Tulibishana nusu siku. Karani wa mfadhili alipoipokea tafsiri hiyo akauliza tena, safari hii akitaka kujua kama kozi mbili hizo zitapunguzwa katika karo ya muhula ujao au wa mwisho, nasi tukamwelekeza akiulize chuo.